Mgeni njoo, mwenyeji apone: nani anapona kwenye kambi za bahari?



Najua wiki hii magrupu yetu yote yanaongelea katiba mpya na tume huru. Nami nazitaka zote mbili. Lakini leo naomba niwashushe ufukweni kidogo, kwa sababu kuna kaka mmoja kijijini kwetu, nahodha, amebakiwa na siku kumi na saba za kudai haki yake. Zikiisha, mlango unafungwa. Nitamfikia.

Mimi ni mtoto wa pwani ya Tanga, niko mwaka wa tatu wa sheria. Likizo ndefu iliyopita bumu lilikuwa limekata, nyumbani hali ngumu, nikapata nafasi kwenye kambi moja ya mafunzo ya bahari. Siitaji jina, maana nikiitaja moja mtadhani tatizo ni moja. Ni zile kambi ambazo wanafunzi wa shule za ada kubwa, wa hapa nchini na wa nje, wanakuja kulala siku tano mpaka wiki mbili. Wanajifunza mikoko, majani bahari, matumbawe na kasa. Wanaogelea na miwani, wanahesabu samaki, jioni wanachora walichokiona.

Niseme ukweli kabla sijalaumu: ni kazi nzuri. Nimemwona mtoto wa miaka kumi na mbili analia kwa furaha kumwona pweza akibadilika rangi. Nimewaona watoto wa kijijini kwetu, wanaoletwa bure siku moja moja, wakigundua kwamba mwamba wanaoukanyaga kila siku ni kiumbe hai. Sina ugomvi na elimu ya bahari. Ugomvi wangu ni na nani anailipia.

Cheo changu kiliitwa "msaidizi wa kujitolea". Posho shilingi 150,000 kwa mwezi, chakula na kitanda juu ya kambi. Siku ya kwanza tuliambiwa, "Hapa hatuna wafanyakazi, hapa sisi ni familia." Jamani, mkisikia mwajiri anasema hivyo, shikeni mifuko yenu.

Familia yetu iliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kupanga maboya na majaketi, kukagua boti, kifungua kinywa cha wageni. Bahari haina saa za ofisi: bamvua likiwa kubwa maji yanakupwa kabisa mida ya saa nne asubuhi, hapo ndipo watoto wanatembezwa mwambani, na wewe uko nao kwenye jua mpaka maji yageuke. Mchana masomo, jioni kuogelea, usiku mazungumzo ya moto ufukweni. Mpaka wageni wamelala ni saa tatu usiku. Ukitoa muda wa kula na kupumzika, zinabaki saa kumi na tatu za kazi.

Hesabu ndogo tu. Saa kumi na tatu kwa siku sita ni saa 78 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, wala tisa kwa siku. Kwa hiyo saa 33 kila wiki ni za ziada, ambazo kwa wiki nne ni 132. Sheria hiyo hiyo inaruhusu saa za ziada 50 tu kwa wiki nne, tena kwa makubaliano, tena kwa malipo ya angalau mara moja na nusu. Ukigawanya posho yangu kwa saa nilizofanya, ni chini ya shilingi mia tano kwa saa. Na hapo sijahesabu siku ya saba, maana kundi likiwepo kambini siku ya saba haipo.

Sijahesabu usiku pia. Msimu wa kasa kulikuwa na doria ya kuangalia viota, kwa zamu. Zamu yangu ikiisha saa nane usiku, saa kumi na moja na nusu naamshwa tena. Sheria inataka mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kila siku. Inakubali zipungue hadi nane kwa mtu anayeishi hapo hapo kazini, ila kuwe na makubaliano ya maandishi. Mimi nilipata saa tatu na nusu, bila maandishi. Na asubuhi ile ile nikakabidhiwa watoto kumi ndani ya maji.

Hapo ndipo pa kusimama, makamanda. Hili si suala la usingizi wangu tu. Mtu aliyelala saa tatu ndiye anayehesabu vichwa vya watoto wa watu baharini. Mzazi amelipa ada nono akiamini mwanawe yuko kwenye mikono salama. Mikono ilikuwa mizuri, lakini macho yalikuwa yanafumba.

Nikauliza, kwa adabu zote za kipwani, kuhusu saa. Nikajibiwa: "Wewe hujaajiriwa, umejitolea, sheria ya kazi haikuhusu." Nikanyamaza, lakini usiku nikafungua daftari langu la darasani. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema hivi, kwa maneno yangu: usiangalie jina mlilopeana, angalia hali halisi. Je, kuna mtu anakuelekeza namna ya kufanya kazi? Anakupangia saa? Umekuwa sehemu ya taasisi yake? Anakupa vitendea kazi? Unamtegemea yeye kwa kipato? Unamfanyia yeye peke yake? Ikipatikana hata moja tu, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Mimi nilikuwa nazo zote. Neno "kujitolea" halina uchawi wa kufuta sheria.

Kingine. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kama hayaelewi, aelezwe kwa namna anayoielewa. Dada wa jikoni kwetu alisaini karatasi tatu za Kiingereza ambazo hakuna aliyemsomea. Inamtaka pia abandike mahali pa wazi tangazo la haki za wafanyakazi. Pale kambini kulikuwa na ubao mkubwa wa rangi: usiguse tumbawe, usilikanyage, usilivunje, linakua taratibu sana. Nilipita mbele ya ubao ule kila siku. Tumbawe lilikuwa na tangazo la haki zake. Sisi hatukuwa nalo.

Mwezi wa pili mtoto mmoja alipoteza miwani ya kuzamia kwenye zamu yangu. Nikakatwa 45,000. Sheria inaruhusu kukatwa kwa hasara, ila kosa liwe lako, uandikiwe sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Robo ya 150,000 ni 37,500. Sikuandikiwa chochote, na robo ikavukwa. Mimi niliyesoma sheria nilisema nini? Nilisema "sawa". Nilihitaji barua yao ya mapendekezo ya kuombea fildi. Dai la namna hiyo linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku sitini. Zilipita nikiwa Dar nasubiri barua. Barua ilikuja, nzuri kweli kweli, imeandika nina moyo wa kujituma.

Kama mimi mwenye daftari nilinyamaza, mnadhani yule dada wa jikoni atasema nini?

Sasa nije kwa nahodha. Ameiendesha boti ya kambi ile miaka tisa. Hajawahi kupewa mkataba wala karatasi ya mshahara, analipwa mkononi kwa siku. Anaujua kila mwamba, anajua kusi likikaza boti ipite wapi. Wageni wanapiga naye picha, na picha yake inatumika kuitangaza kambi. Mwaka huu, siku ya mawimbi, mkono wake ulibanwa kati ya boti na gati akimkinga mtoto asianguke. Mifupa miwili. Akapelekwa hospitali na pikipiki, akaachiwa nauli na pole. Wiki sita akawa nyumbani bila senti, vyeti vya daktari kwenye mfuko wa rambo. Aliporudi akakuta nahodha mwingine kwenye usukani. "Kaka, tulidhani hutarudi."

Kwa sheria hii ya nchi yetu, mgonjwa mwenye cheti cha daktari analipwa mshahara kamili kwa siku 63 za mwanzo. Kwa sheria hii, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Kwa sheria hii, huwezi kumwachisha mtu kazi bila sababu halali na utaratibu wa haki. Na asipokuwa na mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri, si yeye. Lakini kwa aliyeachishwa muda ni siku thelathini tu. Kumi na tatu zilishapita kabla mtu yeyote hajamwambia. Ijumaa tunakwenda naye CMA Tanga kujaza fomu. Vyeti vyake tumevitoa kwenye rambo, tumevipanga kwa tarehe.

Nawasikia wanaosema: "Dada, hizo ni taasisi ndogo, hazitengenezi faida. Mkizibana zitafunga, kijiji kikose hata hicho kidogo." Hoja hii naiheshimu, maana mama yangu mwenyewe aliniambia. Jibu langu ni fupi. Kambi ile ina pesa ya dizeli, ina pesa ya mashine mpya ya boti, haijawahi kumwambia muuza dizeli "jitolee". Mratibu aliyetoka nje alikuwa na mkataba, bima, chumba chake na siku zake za mapumziko, na sina kinyongo naye, alistahili. Ila mwenzake Mtanzania aliyefanya zamu zile zile na kumtafsiria kila neno alilala hemani kwa posho. Sheria yetu inakataza ubaguzi kazini, na utaifa umetajwa humo kwa jina. Kumbe pesa ipo, kilichokosekana ni kutuhesabu.

Na serikali? Kila mkutano tunaimbiwa uchumi wa buluu. Miezi yote niliyokaa pale sikumwona afisa kazi hata mmoja. Walikuja wa kuchukua tozo, walikuja wa kupiga picha na kasa. Uchumi wa buluu usiomkagua mwajiri ni ule ule wa zamani uliopakwa rangi. Sheria ya 2004 si mbaya, ina zaidi ya miaka ishirini, na nahodha wetu hajawahi kuiona.

Sasa geuzeni kioo, maana sitaki tuwe wanafiki. Nimekaa kwenye ofisi zetu za jimbo. Nimeona vijana wetu wakilinda ofisi usiku na kubandika mabango mpaka alfajiri, wakiambiwa "hii si kazi, ni mapambano, sisi ni familia." Ninalijua sana hilo neno. Anayejitolea jioni mbili kwa wiki ni mwanachama. Anayepangiwa zamu kila siku ni mwajiriwa, na kifungu cha 61 hakiulizi rangi ya bendera. Tukitaka kuwasema wenye kambi, tuanze kwetu.

Ninachotaka kutoka jumuiya yetu ya vijana:

Kwanza, kila tawi la pwani, kuanzia Mkinga mpaka Mtwara, lijue kambi na hoteli zilizo kwenye eneo lake, na libebe nakala ya haki za wafanyakazi kwa Kiswahili mpaka jikoni na kwenye boti.

Pili, tuwaunganishe wafanyakazi hawa na chama chao. CHODAWU kinawahusu watu wa hifadhi, hoteli na majumbani. Hata kambi yenye wanachama watano inaruhusiwa kuwa na mwakilishi wao.

Tatu, sisi wanasheria wanafunzi tuwe na zamu ya kusindikiza watu CMA. Huhitaji wakili kujaza fomu, unahitaji mtu wa kukukumbusha tarehe.

Nne, ilani yetu ijayo iseme wazi: hakuna kijiji kutoa ardhi ya ufukwe kwa kambi yoyote bila sharti la mikataba ya maandishi kwa wafanyakazi wake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, na karibuni sana. Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa stendi na mwenyeji mmoja mwenye mkono uliofungwa. Mwenye nafasi, atukute hapo.