Vipuri Vipya, Msumeno Bado Mgonjwa

Katika familia kadhaa za Bunda na Butiama, msumeno wa mnyororo, ambao wengi tunauita chenso, huheshimiwa kama jozi ya maksai. Unapasua mbao za mikaratusi, unakodishwa kwa majirani, na fedha yake hulipa mahitaji ya shule na kununua unga. Unapogoma, nyumba nzima huingia katika mashaka.

Hivi karibuni kamati yetu ya msikiti iliombwa kusuluhisha ndugu wawili, mmoja mwenye msumeno na mwingine fundi. Mashine ilikuwa imebadilishiwa silinda, pistoni na ringi. Iliwaka mara moja, ikanguruma kwa sauti kali kuliko zamani, na mwenyewe akafurahi akidhani imepata nguvu mpya. Lakini kila alipoachia mafuta, injini haikushuka upesi. Iliendelea kukimbia, kisha ndipo ikatulia. Siku ya tatu pistoni mpya ilikutwa na michirizi upande wa ekzosi. Mwenye mali alidai ameuziwa kipuri bandia. Fundi alidai petroli na oili vilichanganywa vibaya. Kila mmoja alikuwa tayari kuapa, nasi hatukupenda jambo hilo lifike kwenye viapo.

Tulimwomba mzee mmoja wa Musoma, fundi wa injini za mitumbwi, aitazame. Hakushughulika sana na pistoni iliyoungua. Aliuliza kwanza habari za sili za krenki. Hazikubadilishwa.

Hapa yafaa tueleze. Injini ya mipigo miwili haina oili yake chini kama gari. Oili husafiri ndani ya petroli. Hewa ikipenya kwa njia isiyo yake, petroli hupungua katika mchanganyiko, na oili hupungua pamoja nayo. Injini hukimbia kwa kasi, huchemka, kisha hujiunguza. Ile sauti kali iliyomfurahisha ndugu yetu ndiyo iliyokuwa dalili ya ugonjwa. Njia za hewa hiyo ni chache: sili mbili za krenki, gasketi ya chini ya silinda, na mpira unaounganisha kabureta na silinda, ambao hupasuka au hukaa upande wakati wa kufunga. Silinda mpya juu ya sili zilizochakaa ni paa jipya juu ya ukuta wenye ufa.

Mzee aliziba njia ya kabureta na ya ekzosi, akaingiza upepo kidogo kwa pampu ya mkono yenye geji, usiozidi nusu baa, kisha akapaka maji ya sabuni. Mapovu yakatokea kwenye sili ya upande wa flaiwili. Kazi hiyo haikufika nusu saa, na laiti ingefanywa kabla ya kuwasha, pistoni ingesalimika.

Si kila ubovu una asili hiyo. Msumeno ukizimika baada ya dakika chache, kisha ukapona mtu anapolegeza kifuniko cha tangi, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Ukiwaka vizuri na kufa unapoanza kukata, ichunguzwe gasketi iliyofungwa kinyume ikaziba kitundu kinachoendesha pampu ya kabureta, au utando wa kabureta uliokakamaa. Moshi mwingi na mwendo mzito huashiria petroli kuzidi, chujio la hewa kujaa vumbi, au ekzosi kuziba kwa masizi. Na iwapo injini ni nzima lakini mti hutoa unga badala ya vipande, mnyororo ni butu tu. Tafuta tupa kabla ya fundi.

Skrubu za kabureta zina fitina yake. Musoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam utazidiwa na petroli ukifika Butiama. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: uliorekebishwa huku, ukishushwa pwani bila kuguswa, huungua.

Kuhusu mafuta, kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 100 za oili maalumu ya mipigo miwili katika lita 5 za petroli. Cha 1 kwa 25 ni mililita 200. Kitabu cha mashine ndicho huamua. Vifuniko vya chupa vinavyotumika vijijini havilingani, na kusema kweli ndivyo vilivyomfanya fundi wetu ashuku mafuta.

Akina mama wanaopeleka chakula porini, na vijana wanaovuta magogo, wajue pia kwamba mnyororo haupaswi kuzunguka mafuta yanapoachiwa. Ukizunguka, asisogee mtu mpaka uzimwe.

Suluhu ilipatikana baada ya swala ya Alasiri. Mwenye mali alinunua pistoni, ringi na sili zote mbili, maana silinda ilikuwa haijachubuka. Fundi alirudia kazi bila malipo, akakubali kupima upepo mbele ya mwenye mali kabla ya kuwasha, na kumkabidhi vipuri vya zamani ndani ya mfuko.