Nani Atamlilia Dani?

Mwaka 1991, katika Terminator 2, Sarah Connor alimpigania mwanawe John kufa na kupona, na roboti likaomba lishushwe kwenye chuma kilichoyeyuka ili vita ya mashine isije. Mwaka 2019, Terminator: Dark Fate ilimuua John kwa risasi kabla hatujakaa vizuri vitini. Skynet haipo? Hamna shida, kuna Legion. John hayupo? Kuna Dani. Kisha vita ileile, mbio zilezile.

Mashujaa hufa, sikatai. Lakini filamu hii inafuta kilio cha jana ili iuze tiketi za leo. Uchungu wa Sarah, aliyerudishwa na Linda Hamilton, ungetosha kuibeba; wakaufunika kwa milipuko. Ikija nyingine, nani atamlilia Dani?