Tuwafundishe vijana ule mweupe wa plagi

Sisi walimu wa ufundi wa injini tunaifundisha plagi kuanzia mwisho. Kijana anajua kupima gepu kwa fila, anaijua plagi iliyolowa na iliyoungua, lakini mwulize ule mwili mweupe ni wa nini, atakujibu ni wa kushikia. Injini za ndege za zamani zingemtia adabu.

Ndugu wawili Wright waliporuka mwaka 1903, injini yao haikuwa na plagi kabisa. Ndani ya kila silinda ncha mbili za chuma ziligusana na kuachana, cheche ikatoka hapo. Kwa nguvu za farasi 12 ilitosha. Ndege za baadaye zikatumia magneto ya Bosch ya umeme mkali, aliyoiunda Gottlob Honold mwaka 1902, na umeme wa maelfu ya volti hutafuta njia ya mkato kwenye bodi ya injini. Kutoa cheche si shida. Shida ni kuizuia isiruke pasipotakiwa, na hiyo ndiyo kazi ya ule mwili mweupe.

Magari yaliridhika na kaure. Injini ya ndege hukamuliwa saa nyingi mfululizo, kisha rubani anapunguza moto ashuke, na baridi ya angani inaipiga ikiwa bado imewaka. Kaure ikapasuka. K.L.G., kampuni ya Kenelm Lee Guinness, dereva wa magari ya mbio, ikategemea ulanga, madini yale yale ambayo Wajerumani waliyachimba kwenye milima ya Uluguru, juu ya mji ninamofundisha. Karatasi za ulanga zilivingirishwa kwenye ncha ya kati, vipande vya mviringo vikatungwa juu yake kama shanga, vikabanwa kwa nati, kisha vikakerezwa mpaka vikawa laini. Kazi ya subira hasa! Na plagi yenyewe iliweza kufunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa tena.

Lakini oili ilijipenyeza kati ya matabaka, na risasi iliyotiwa kwenye petroli ili injini isigonge ikautafuna ulanga. Miaka ya 1930 Siemens ya Ujerumani, badala ya ulanga, ikauchoma unga wa alumina kwa joto la nyuzi 1,600 hivi. Hiyo ndiyo rubi ya Longido, ukiiondolea rangi, na ndiyo iliyomo kwenye plagi ya bodaboda leo.

Ndiyo maana naudhika dukani nikimwona fundi akichagua plagi kwa kulinganisha nyuzi za kufungia tu. Pua ndefu ya ule mweupe huchelewesha joto kutoka, plagi ikawa ya moto. Pua fupi hulitoa upesi, ikawa ya baridi. Ukifunga ya moto mno, pistoni inaweza kutoboka, na anayelaumiwa ni Mchina aliyetengeneza pikipiki.

Ningepewa nafasi, kipindi cha kwanza kingekuwa cha nyundo: kila mwanafunzi avae miwani, avunje plagi kuukuu mbili tofauti, azipime pua kwa rula. Fila ingengoja wiki ya pili.