Msomaji Anayesingiziwa

Mwaka 1967 Samuel Delany, mwandishi Mweusi aliyezaliwa Harlem, alikuwa ameshapata mchapishaji wa riwaya yake Nova. Wakala wake akaupeleka mswada kwa jarida la Analog, moja ya majarida makubwa ya hadithi za kisayansi nchini Marekani, ili itoke kwanza kwa mfululizo. Mhariri John W. Campbell aliukataa. Kwa mujibu wa Delany, Campbell alimpigia simu wakala kueleza kwamba kitabu chenyewe kilimpendeza, ila wasomaji wake wasingeweza kujiona katika mhusika mkuu Mweusi. Mhusika huyo, Lorq von Ray, ni nahodha wa chombo cha anga ambaye mama yake anatoka Senegal. Watu waliokuwa wakilipia jarida kila mwezi ili wasome habari za sayari ngeni na viumbe wasio na umbo la mtu wakahukumiwa kuwa rangi ya mtoto wa Msenegali ingewashinda.

Hakuna aliyewauliza.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa ubaguzi katika uchapishaji wa hadithi za kisayansi na za kifantasia. Si mara nyingi mhariri atasema kwa kinywa chake kwamba hawataki watu weusi. Husema soko haliwataki, na lawama humwangukia msomaji ambaye hayupo kujitetea.

Riwaya ya mwandishi Mweusi Octavia Butler, Dawn, ilipotoka mwaka 1987, jalada lilimwonyesha mwanamke wa Kizungu, ilhali shujaa wake, Lilith Iyapo, ni Mweusi. Mtu angedhani kosa hilo lilibaki katika karne iliyopita. Mwaka 2009 Bloomsbury waliandaa toleo la Marekani la Liar, riwaya ya Justine Larbalestier kuhusu msichana Mweusi mwenye nywele fupi za kipilipili, wakaweka jaladani msichana wa Kizungu mwenye nywele ndefu zilizonyooka. Mwandishi, ambaye mwenyewe ni Mzungu kutoka Australia, alipinga hadharani, wasomaji nao wakapiga kelele, jalada likabadilishwa kabla kitabu hakijaingia madukani. Miezi michache baadaye, Januari 2010, kampuni hiyo hiyo ikalazimika kubadilisha jalada la Magic Under Glass kwa sababu ile ile.

Larbalestier aliieleza hoja aliyokuwa akiisikia miaka mingi: vitabu vyenye sura nyeusi jaladani haviuziki. Lakini kitabu kinachodhaniwa hakitauzika hupewa matangazo haba, na maduka huagiza nakala chache. Kikidoda, kinageuzwa kuwa ushahidi wa kukinyima kingine nafasi. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kutoa jibu jingine, na ni dhuluma kuiita biashara.

Maana wasomaji walipopewa nafasi, walijibu. Mwandishi Mweusi N. K. Jemisin alishinda Tuzo ya Hugo ya riwaya bora mwaka 2016, akarudia 2017 na 2018. Tuzo hiyo ilikuwa ikitolewa tangu 1953 na kabla yake hakuna mwandishi aliyewahi kuinyakua miaka mitatu mfululizo. Wanaoipigia kura ni wasomaji wenyewe. Butler naye, aliyefariki mwaka 2006, aliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya New York Times mwaka 2020, kwa riwaya iliyotoka 1993.

Wapo watakaosema ushindi huo umemaliza kesi. Haujaimaliza. Jarida la Fireside lilihesabu hadithi fupi 2,039 zilizochapishwa mwaka 2015 katika majarida 63 ya fani hii, likakuta 38 tu zimeandikwa na waandishi Weusi. Haifiki asilimia mbili. Nyota mmoja akiwa jukwaani anaweza kuuficha mlango uliofungwa nyuma yake.

Afrika Mashariki nako msomaji husingiziwa, ingawa kwa namna nyingine. Vitabu vingi vya Kiswahili huishi kwa kutegemea shule, na riwaya isiyo na dalili ya kuteuliwa kwa mtihani huonekana mzigo. Husemwa msomaji wa Kiswahili anapenda mambo ya maisha halisi. Msomaji yupi huyo? Vizazi vimesoma Kusadikika, nchi ya Shaaban Robert inayoelea angani, na Adili na Nduguze, ambamo majini wanatembea na ndugu wawili wanageuzwa manyani. Mwaka 1995 Katama Mkangi alimrusha shujaa wake, Dzombo, hadi sayari nyingine katika Walenisi. Wamitila akafuata na Bina-Adamu! mwaka 2002.

Waandishi chipukizi wanaotaka kuiendeleza njia hiyo wapo, na sasa ipo hata Tuzo ya Nyabola kwa hadithi za kisayansi za Kiswahili. Tuzo huleta heshima na fedha kidogo. Kitabu kinahitaji mchapishaji. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaweza kuanza na riwaya mbili au tatu, wazipe jalada linalofanana na wahusika wake, wazitangaze redioni kama wanavyovitangaza vitabu vyao vingine, na waziache madukani miaka kadhaa kabla ya kusema lolote kuhusu anachokipenda msomaji.