MAARIFA YA KUFAA: Galoni Mbili na Kisima Kimoja

Katika Mji wa Kale wa Mombasa maji hayakosi kuhesabiwa. Visima vya kisiwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yanayofaa kutumiwa ni tabaka tu linaloelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini. Wataalamu wana kanuni yao: kila inchi moja ambayo maji matamu hushuka, maji ya chumvi huweza kupanda hata inchi 40. Kisima kikivutwa kwa kiasi hudumu. Kikivutwa kwa pupa huingiwa na chumvi, na huenda kikakaa muda mrefu kabla ya kupona.

Kwa hiyo anayetaka kutia pampu kisimani hapana budi ajue kwa hakika itavuta maji kiasi gani kwa saa. Hapo ndipo wengi hukwama. Kenya iliacha vipimo vya Kiingereza baada ya uhuru wa 1963, na matangi huuzwa kwa lita. Lakini pampu nyingine zingali zimeandikwa galoni kwa dakika.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba mwendo wa maji una vipimo viwili ndani yake, yaani kiasi na wakati. Kila kimoja kigeuzwe peke yake. Galoni zigeuzwe kuwa lita kwa kuzidisha, kisha dakika zigeuzwe kuwa saa kwa kuzidisha mara 60. Mtu akitaka mita za ujazo, agawanye lita kwa 1,000. Anayeharakisha akafanya yote kwa pigo moja hupotea njiani.

Pili, ziko galoni mbili zenye jina moja. Mwaka wa 1824 Waingereza waliamua kwamba galoni yao iwe ujazo wa maji yenye uzito wa ratili 10, nayo ni lita 4.546. Wamarekani walibaki na galoni ya mvinyo ya zamani, iliyowekwa kwa sheria ya Kiingereza ya mwaka wa 1707, nayo ni lita 3.785 tu. Galoni tano za Kiingereza ni karibu sawa na galoni sita za Kimarekani. Debe la mafuta ya taa walilolizoea wazee lilikuwa la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo.

Uchukuliwe mfano wa wazee wa msikiti wenye kisima na tangi la lita 5,000 la maji ya kutawadhia. Wamekubaliana kwamba kisima kisivutwe zaidi ya saa mbili kwa siku, kipate kupumzika. Wanaletewa pampu iliyoandikwa galoni 10 kwa dakika. Ikiwa galoni hizo ni za Kiingereza, pampu itatoa lita 45.46 kwa dakika, na kwa saa mbili lita 5,455. Tangi litajaa na kubaki. Ikiwa ni za Kimarekani, itatoa lita 37.85 kwa dakika, na kwa saa mbili lita 4,542 tu. Zitapungua lita 458, karibu mitungi 23 ya lita 20. Siku ya Ijumaa upungufu huo utaonekana kabla ya adhuhuri, na mlinzi wa kisima atashawishika kuiacha pampu iendelee kuvuta. Huo ndio mlango wa chumvi.

Hesabu za mji mzima ni zile zile, ila zimekuwa kubwa. Maji ya chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, huteremka yenyewe hadi Mombasa kwa bomba la kilomita 220 hivi, lililojengwa katika miaka ya 1950, zama za galoni. Kiasi chake hutajwa kuwa takriban mita za ujazo 35,000 kwa siku. Galoni milioni moja za Kiingereza ni mita za ujazo 4,546; basi bomba hilo hupitisha galoni milioni 7.7 kwa siku. Siku moja ina sekunde 86,400, na kwa kugawanya hupatikana lita 405 kila sekunde. Karani akizisoma galoni hizo milioni 7.7 kana kwamba ni za Kimarekani, atapata mita 29,000 hivi. Karibu mita 6,000 za maji ya mji zitakuwa zimepotea katika karatasi, wala hapana bomba lililopasuka.

Mwisho, maandishi ya pampu yasiaminiwe peke yake. Mara nyingi hutaja kiasi kikubwa kabisa, kabla maji hayajapandishwa juu, na kadiri tangi linavyokuwa juu ndivyo maji yanavyopungua. Ipo njia rahisi ya kuhakikisha. Uwekwe mtungi wa lita 20 kwenye mdomo wa bomba, pale pale juu ya tangi, na saa iangaliwe. Kisha 1,200 igawanywe kwa sekunde zilizopita. Jibu ni lita kwa dakika. Mtungi ukijaa kwa sekunde 30, pampu inatoa lita 40 kwa dakika, yaani 2,400 kwa saa, na tangi la lita 5,000 litahitaji saa mbili na dakika tano. Hapo wazee watajua kwamba saa zao mbili hazitoshi kwa dakika tano, nao wataamua kwa ilimu, si kwa kubahatisha.

Jibu hilo liandikwe ukutani karibu na swichi, pamoja na saa ya kufungua na saa ya kufunga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maji matamu ya kisiwani ni mali.