Kona ya Vitabu: Nusu ya Pili ya Aisha



Mwezi huu tuligombana. Ulikuwa ugomvi wa kitabu, si wa fedha za klabu, lakini ulituchukua mpaka chai ikapoa na mlinzi akaja kutuuliza kama tunanuia kulala hapo. Kitabu chenyewe ni The House of Rust, riwaya ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, iliyotolewa mwaka 2021 na Graywolf Press, hapa hapa Marekani. Mwaka 2022 ikapata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, tena ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Kwa hiyo wengi tulikuja tukidhani tutaisifu kidogo, tule sambusa, twende zetu.

Kwa ambao hawajaisoma: Aisha ni msichana wa Kihadhrami wa Mombasa, analelewa na bibi yake, Hababa. Baba yake ni mvuvi. Siku moja anakwenda baharini, harudi. Aisha anamfuata kwa mashua ya mifupa, akiongozwa na paka anayesema, paka wa mwanachuoni. Njiani anakutana na madubwana matatu, na la mwisho ni Baba wa Papa.

Jina hilo ndilo lililotuanzishia. Wenzetu wanaojifunza Kiswahili mwaka wa kwanza walidhani ni baba wa baba. Ndugu yetu wa Songea, mtoto wa Kikatoliki, alisema yeye alimwona kwanza Baba Mtakatifu wa Roma, akajiuliza mzee wake anatafuta nini chini ya bahari. Watu wa pwani walicheka mpaka machozi: papa ni samaki, jamani, yule mwenye meno! Kicheko kilipokwisha likabaki swali. Ikiwa utamu mwingine wa kitabu hiki unamfikia Mswahili peke yake, mbona kimeandikwa kwa Kiingereza, na Hababa wengi wa Mombasa hawawezi kukisoma? Wengine wakajibu kwamba mwandishi huandika kwa lugha inayomjia, na kazi ya kukirudisha nyumbani ni ya mfasiri.

Ugomvi wa pili: je, hii ni fantasia? Dada yetu wa Lamu alisema hakuona ajabu kubwa. Kwao bahari ina wenyewe, na paka wa usiku hapigwi ovyo. "Nyinyi mmekiweka rafu ya fantasia," alisema, "kwetu hizi ni habari za baraza." Kaka wa Nairobi akapinga: bibi yake hajui jini hata mmoja, naye alishangaa kila ukurasa kama mtu wa Ohio. Mwingine akatukumbusha kwamba Shaaban Robert alikwisha kutupa nchi nzima inayoelea angani katika Kusadikika, wala hatukugombania rafu.

Lakini kilichotugawa hasa ni nusu ya pili. Baba anaokolewa na bahari inaachwa nyuma, kumbe kitabu bado kirefu. Mambo yanahamia mjini. Bibi anafikiria ndoa ya mjukuu, kunguru nao wana yao ya kusema, na Aisha hatulii. Wengi wetu tulichoka hapo. Mmoja alikifunga wiki mbili. Walikuwa na haki yao: mwendo unapungua, na aliyekuja kwa ajili ya papa hapewi papa mwingine.

Ndipo akasema mwenzetu mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Desemba alikwenda nyumbani, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Siku mbili zilikuwa vigelegele. Ya tatu shangazi zake wakaanza: unamaliza lini, utaolewa lini, mbona siku hizi husemi? Hakupata pa kuanzia kuwaeleza baridi ya mwaka wa kwanza, kazi ya usiku jikoni, na muhula alioanguka akaanza upya. "Mimi dubwana langu nimelishinda," alisema, "lakini hakuna aliyeniuliza habari zake. Waliniuliza mbona nimekonda." Kwake nusu ya kwanza ni utangulizi tu. Kitabu kinaanza Aisha anaporudi, kila mtu anapomngojea awe yule yule aliyeondoka.

Tulikaa kimya kidogo. Kaka wa Nairobi bado anataka kunguru wapunguzwe, na hatumlaumu. Ila sisi wa kona hii tumekirudia kitabu kuanzia pale tulipochoka, na tunakiri kwamba mara ya kwanza tulikuwa tunakimbia. Huenda tulikimbia kwa sababu tulijua kinachosemwa, na tiketi zetu za Juni zimekwisha kulipwa.

Nakala mbili ziko kabatini. Andikeni majina daftarini kabla ya kuchukua. Kwa mkutano ujao, kila mmoja achague ukurasa mmoja wa nusu ya pili, autafsiri kwa Kiswahili, kisha ampigie simu bibi, shangazi au yeyote anayemngojea nyumbani, amsomee. Mje mtuambie walisemaje.