Kiwanda kikipunguza kazi Ujerumani, kanisa la Kivu linaguswa

Wengi wetu tunaiona Ujerumani kuwa nchi isiyotikisika. Lakini uchumi wake ulipungua mwaka wa 2023, ukapungua tena mwaka wa 2024. Tuangalie sababu zake, kwani jambo hili linatufikia hata sisi huku Kivu.

Kwa miaka mingi nguvu ya Ujerumani imekuwa kuuza nje magari, mashine na kemikali. Mauzo yake ya nje yanalingana na zaidi ya 40 kwa mia ya pato la taifa. Kazi hiyo ilisimama juu ya nguzo tatu: gesi ya bei nafuu ya Urusi, soko la China na soko la Marekani. Zote zimetikisika. Mwaka wa 2021 karibu nusu ya gesi iliyoingia, au zaidi, ilitoka Urusi. Mwisho wa Agosti 2022 bomba la Nord Stream 1 likaacha kuileta. China iliyokuwa inanunua magari sasa inatengeneza ya umeme na kuyauza mpaka Ulaya. Marekani nayo ilipandisha ushuru mwaka wa 2025.

Mnamo Desemba 2024, kampuni ya Volkswagen na chama cha wafanyakazi walipatana kupunguza kazi zaidi ya 35,000 hadi mwaka wa 2030. Tena wazee wanaostaafu ni wengi kuliko vijana wanaoingia kazini.

Sisi tunaingia wapi? Mkristo wa Ujerumani aliyeandikishwa kanisani hulipa kodi ya kanisa: 8 au 9 kwa mia ya kodi ya mapato yake. Mshahara ukikatika, kodi hiyo nayo inakatika. Na kutoka katika mfuko huo hutoka sehemu ya misaada ambayo makanisa yao hutuma kwa hospitali na shule za makanisa rafiki, yetu pia.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ujerumani ina ufundi na akiba ya kuijenga upya nyumba yake. Sisi tunauza shaba na kobalti bila kutengeneza betri, na hesabu za kazi zetu nyingi zinangojea barua ya mshirika mmoja.

Basi, kabla ya kupitisha bajeti ya mwaka ujao, kila baraza la kanisa liulize: mshirika huyo akipunguza nusu, nani atalipa muuguzi wetu? Jibu tulitafute sasa, wakati msaada bado unafika.